Kichuguu Nyuma ya Jiko

Ulikuwa ule mwaka ambao unga wa mahindi ulikuwa mtu mkubwa. Asubuhi tulikula viazi vitamu, mchana mihogo, na jioni tukarudia viazi vya asubuhi vikiwa vimelala na kukasirika. Obusuma, yaani ugali wetu, tuliupika Jumapili peke yake, matonge mawili kila mtu, na tulikuwa tunautazama kwanza kabla ya kuula. Ukimwuliza mtu yeyote wa upande wetu wa Lurambi atakwambia huo ni mwaka wa viazi. Mimi nauita mwaka wa kumbikumbi, kwa sababu viazi vilitushibisha, lakini kumbikumbi ndio walitufanya tucheke.

Nyuma ya jiko langu kuna kichuguu. Usifikirie kile kidogo cha kujikwaa. Hiki ni kirefu kuliko mlango, kina makalio mapana kama mama wa sokoni, na juu yake kumeota mti wa lusiola wenye maua ya njano pamoja na vichaka ambavyo hakuna aliyevipanda. Nilipoolewa hapa nilikikuta. Mama mkwe alinionyesha jiko, akanionyesha choo, akanionyesha kichuguu, kwa mpangilio huo, na kwenye kichuguu ndipo alipokaa muda mrefu.

Alinifundisha kukilisha. Ndiyo, kukilisha. Ukimaliza kuvuna, mabua usiyachome. Chukua mengine uyarundike pale chini ya kichuguu. Majani makavu ya ndizi, magome ya kuni, magunzi, yote peleka pale. "Hawa hawali kitu kibichi wakipata kikavu," aliniambia. "Wakikosa kikavu watakuja kula mlango wako, na mimi sitakununulia mwingine." Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini somo hilo nililipita vizuri. Tangu nije hapa mchwa hawajawahi kugusa mlango wangu wala bua langu moja la mahindi. Majirani walinunua dawa za kila rangi. Mimi nilipeleka takataka.

Na kichuguu nacho hakikuwa bahili. Mvua za kwanza zikipiga, uyoga ulitoka pale kwenye kiuno chake, mweupe, mnene, ukiupika na maziwa kidogo mtu anasahau nyama. Ubavuni, kwenye shimo dogo lenye mdomo wa nta, wanakaa nyuki wale wadogo wasiouma, na asali yao ya uchachu ndiyo nililea nayo watoto sita wenye vifua vya kukoroma. Kwenye kichaka kulikuwa na mnavu na majani mengine ya mboga, kulikuwa na ndege mpaka alfajiri unaona kama kuna kesi. Kinyonga alikuwa mmoja, simpendi, lakini sikumfukuza. Yeye ana nyumba yake, mimi nina yangu.

Mjukuu wangu wa kike anayesoma chuo alikuja akakizunguka na kitabu chake akiandika, akasema, "Kukhu, hii yote inaitwa bayoanuwai."

Nikamwambia, "Sisi tuliita mboga."

Sasa, mji ulikuwa unakuja. Ulianza Amalemba, ukapita Shieywe, ukaanza kutupandia huku kwetu na mabati yake. Kila mtu mwenye kipande cha ardhi alijenga vyumba vya kupangisha wanafunzi. Vichaka vilikatwa, miti ikawa mbao, na wenye kidimbwi wakakijaza kifusi. Upande wangu wa kushoto, jirani yangu, mwalimu mstaafu, mtu wa tai hata akienda kisimani, alikuwa na kichuguu chake pia. Alikilima chote kikawa sawa na ardhi, udongo wake akafyatua matofali, na nikiri hapa kwamba yalikuwa matofali mazuri sana. Akajenga vyumba sita juu yake.

Nilimwuliza kupitia uzio, "Mwalimu, mama mwenye nyumba ulimtoa?"

"Mama gani?"

"Malkia. Yule mkubwa wa chini."

Akacheka na meno yake yote ya kununua. "Shemeji, nyumba nimeibomoa, yeye atakaa wapi?"

Nikarudi jikoni kwangu. Mtu aliyefundisha watoto miaka yote ile nimfundishe nini mimi wa darasa la tatu?

Mwanangu wa kwanza ndiye aliyeleta maneno kwangu. Anaishi Amalemba, ana kazi nzuri, ana tumbo linaloonyesha kwamba ana kazi nzuri. Jumamosi moja alikuja na fundi mwenye tepu ya kupimia. Wakapima huku, wakapima kule, fundi akapigilia vijiti vyenye kamba nyekundu. Kijiti kimoja alikipigilia juu ya kichuguu changu, kwenye utosi kabisa.

"Mama," mwanangu alisema, "hapa patatoka vyumba vinane."

"Na kichuguu?"

"Kitaondoka."

"Kitaondoka kiende wapi? Kina shangazi Nairobi?"

Fundi akageuka akajifanya anakohoa. Mwanangu akanishika mkono, kwa upole, maana huyu mtoto hana mdomo mbaya, kosa lake ni kichwa kigumu, na hilo nalijua limetoka wapi. "Mama, kile ni udongo tu. Kinatupa nini? Wewe umezeeka, unahitaji kupumzika, kupata kitu kila mwezi bila kushika jembe. Nafanya hii kwa ajili yako."

Nikautoa mkono wangu. Nikasema, "Sitaki, na usiniulize tena. Kichuguu changu hakiguswi wakati mimi bado ninatafuna."

"Mama, unatafuna na meno gani?" fundi aliuliza.

Nikamwonyesha. Yalikuwa saba, na yote yalikuwa yanafanya kazi.

Lakini nikwambie ukweli wangu, kwa sababu sikuja hapa kujipamba. Maneno yangu yalikuwa upepo. Mume wangu alipokufa, mimi mwenyewe nilisema hati ya shamba iandikwe jina la kijana, kwa kuwa sikutaka safari za ofisini na kutiwa wino kwenye dole gumba. Shamba lilikuwa lake. Angeweza kuja na sururu siku yoyote, na mimi ningebaki kusimama na meno yangu saba. Alijua hivyo, nami nilijua, na hakuna aliyelisema. Aliniaga tu, akasema mvua ikianza na udongo ukilainika atawaleta vijana wa kuchimba.

Usingizi ulinipungukia. Kila asubuhi nilienda kutazama kile kijiti chenye kamba nyekundu. Nilitaka kuking'oa, lakini ningekuwa kama mtoto. Nikawa nakipelekea kichuguu mabua mengi kuliko kawaida, kama mtu anayempikia mgonjwa.

Ndipo mambo ya Mwalimu yakatokea. Mpangaji wake mmoja, msichana wa mwaka wa kwanza, alitoka mbio asubuhi akipiga kelele kwamba kitanda kinainuka. Tukaenda wote na vumbi miguuni. Tukainua godoro. Chini ya kitanda, kupitia simiti, kilikuwa kimetokeza kichuguu kipya, chekundu, kibichi, kimekula kona ya sanduku na vitabu viwili na kiatu cha kushoto. Mchwa walikuwa wanafanya kazi yao bila kututazama.

Mwalimu alisimama pale na tai yake.

"Nilidhani nimewaondoa," alisema.

"Uliwaondolea paa," nikamwambia. "Mama yuko chini. Halafu umefagia majani yote, umechoma mabua yote, unataka wale nini? Wanakula wapangaji."

Msichana akauliza kama wanauma. Mwalimu akamwambia ahamie chumba cha pili. Chumba cha pili nacho baada ya muda mlango wake ulibonyea ukiguswa na kidole, ndani mtupu kama biskuti. Nilifurahi kidogo. Sitasema uongo, nilifurahi sana, halafu nikampelekea uyoga mkavu kwa kuwa alionekana amekonda.

Nilimpigia mwanangu simu nikamhadithia. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Yule hakutumia dawa, Mama. Sisi tutachimba mpaka chini, tumtoe huyo malkia wako, tumwage dawa." Nikaona nimempa akili badala ya kumpa hofu.

Mvua ikaja. Ilinyesha usiku kucha, asubuhi ikaendelea kidogo kidogo, saa nne jua likatoka likiwa limeoga. Mimi najua harufu ya siku hiyo. Nilienda kwenye kichuguu nikaona walinzi, wale wenye vichwa vikubwa, wamejipanga kwenye midomo ya mashimo. Kumbikumbi wa mchana walikuwa mlangoni, wamevaa mabawa, wanangoja kuitwa.

Watoto walikuwa wamefunga shule. Nilikuwa na wajukuu watano hapa na yule wa chuo, wote watoto wa mwanangu huyu, wa mjini, wamekula viazi wiki nzima wakininunia kama mimi ndiye niliyepandisha bei ya unga. Nikapiga kelele: "Leteni blanketi! Leteni majani ya ndizi! Leteni beseni kubwa la kufulia, limwageni nguo!"

Kazi yetu ni hii. Unakunja fito unazichomeka juu ya mashimo kama mbavu, unafunika blanketi na majani mpaka ndani kuwe giza. Upande mmoja unaacha dirisha dogo la mwanga, na chini ya dirisha unachimba shimo unaweka beseni. Wakitoka wanaukimbilia mwanga, wanaanguka kwenye beseni. Lakini hawatoki hivi hivi. Lazima mtu akae pembeni na vijiti viwili, apige ubao uliolazwa juu ya kichuguu, wao wasikie chini kama mvua inarudi. Wakidanganyika, wanatoka.

Kufunika nilifunika vizuri. Mikono yangu ilikumbuka kila fito. Halafu nikampa mjukuu wangu wa chuo vijiti nikamwambia piga.

"Nipige aje, Kukhu?"

Hapo ndipo nilipokwama. Miaka yote mimi nilikuwa mtu wa blanketi na beseni. Ubao ulikuwa wa mume wangu. Hakumruhusu mtu kuugusa, alikuwa na wivu nao kama baiskeli. Niliusikia kila mwaka nikiwa nimeinama, nikidhani ninaujua, kumbe masikio yangu yalikuwa yanasikiliza beseni. "Piga tu kama mvua," nikasema kwa sauti ya mtu anayejua.

Wakapiga. Walipiga kwa zamu, wakapiga kama wanavunja kuni, wakapiga kama muziki wa disko. Hata mmoja hakutoka. Saa tano ikapita, jua likapanda, wapangaji wa Mwalimu wakajaa uani kutazama. Mwalimu mwenyewe akaleta kiti.

"Shemeji," akaniita, "wako nyumbani kweli?"

"Wako. Wanangoja wageni waondoke."

Nilikuwa nachekesha watu lakini jicho langu lilikuwa barabarani. Niliwaza, wakikataa kutoka leo, mwanangu atakuja aone mama yake mzee amefunika udongo na blanketi, na watu wanacheka. Nami sitakuwa na neno tena.

Na kweli, kama mtu aliyetumwa, gari likaingia. Mwanangu akashuka, fundi akashuka, nyuma yao vijana watatu na sururu na wilbaro. Udongo ulikuwa umelainika. Alisema atakuja, akaja.

Alisimama akatazama blanketi. Lilikuwa blanketi lake la bweni, lile la kijivu. Akatazama wanawe wakitwanga ubao. Ubao tu ndio uliokuwa ukisema. Ta-ta-ta-ta-ta! Mjukuu mdogo alikuwa anaupiga na nguvu zake zote, ulimi nje.

Nikaona uso wa mwanangu unakunjana. Nikajiambia, sasa anakasirika. Akavumilia. Akahesabu vijana wake wa sururu, akarudi kumtazama mtoto, akavumilia tena. Halafu akashindwa.

"Hapana! Hapana, hapana! Hiyo ni mvua ya mawe hiyo! Nani atatoka nyumbani kwenye mvua ya mawe? Lete hapa."

Akapiga goti kwenye matope na suruali yake ya kazini. Akachukua vijiti, akavipima mkononi, akafumba macho. Akaanza polepole. Kimoja, kingine, kimya kidogo. Kimoja, viwili, kimya. Yalikuwa manyunyu, yale ya mvua inayofikiria. Akaongeza kidogo tu, na mkono wa kushoto ukawa nyuma ya wa kulia kama mtu anayechechemea, na hapo mimi nikashika mdomo wangu, kwa sababu mume wangu alikuwa amerudi amekaa juu ya kichuguu. Kijana alikuwa akikaa pale pembeni ya baba yake akiwa mdogo, makamasi yakimtoka, na mimi nilidhani anangoja kula tu.

Wakatoka.

Kwanza mmoja, akaanguka kwenye beseni kama tone. Halafu kumi. Halafu sauti ikabadilika chini ya blanketi, ikawa kama mafuta yanachemka, wakamiminika kwenye lile dirisha dogo, wakijaa, wakipandana, mabawa yaking'aa. Watoto wakapiga mayowe. Fundi akatupa tepu yake akakimbia kuleta beseni lingine. Vijana wa sururu wakamwaga mchanga uliokuwa kwenye wilbaro wakaileta nayo. Mwalimu akaacha kiti, akavua tai, akawa anaokota waliotoroka na kuwaweka mdomoni wakiwa hai, mabawa na yote, mbele ya wapangaji wake.

"Mwalimu!" nikamwita. "Wale wako ungewala hivyo, ungekuwa na milango."

"Niache nile, shemeji," akasema, bawa moja limekwama mdomoni.

Mwanangu hakuacha kupiga. Jasho lilimtiririka, shati likafunguka, tumbo la kazi nzuri likatoka nje, naye anapiga tu, anacheka peke yake. Nilipomletea maji alikataa. "Ukiacha katikati wanajua," alisema. Hayo ni maneno ya baba yake, neno kwa neno.

Tulijaza mabeseni mawili na wilbaro. Tulikaanga kwenye sufuria kubwa ya harusi bila tone la mafuta, kwa sababu wao wana yao, na harufu ilivuka barabara ikaleta hata watu ambao hatusalimiani nao. Nilitoa unga wote uliobaki kwenye debe, ule wa Jumapili tatu, nikausonga mara moja. Vijana wa sururu walikula wakiwa wamekalia sururu zao. Yule msichana wa kitanda kilichoinuka alikuja na sahani, akasema anataka kulipiza kiatu chake.

Tulipokuwa tunanawa mikono, mwanangu alinikuta jikoni. Alikuwa na matope mpaka magotini.

"Mama, nikikibomoa hiki, watoto wangu watapiga ubao wapi?"

Nikashika sufuria nikasugua. Nilikuwa naogopa nikifungua mdomo nitaharibu.

Akatoka, akapanda kichuguu, akang'oa kijiti chenye kamba nyekundu, akampa fundi. Wakakaa na kalamu chini ya lusiola. Vyumba vinane vikawa vinne, vikahamia kule karibu na barabara ambako hakukuwa na kitu ila nyasi za kuchoma miguu. Kichaka kikabaki, na njia ya maji kwenda kisimani ikabaki. Fundi alinung'unika kidogo, lakini nilimfungia kumbikumbi wakavu kwenye karatasi akanyamaza.

Vyumba vinne vimejaa sasa. Nina sheria moja kwa wapangaji: majani makavu usichome, niletee. Wale wanafunzi wananiletea mpaka maganda ya karanga. Milango yao yote ni mizima, ukiigonga inajibu. Mwalimu naye amekubali kurundika mabua nyuma ya vyumba vyake, na ameacha kile chumba cha kitanda kilichoinuka bila mtu. Mama mwenye nyumba amerudishiwa nyumba yake, kichuguu kinapanda, na dirishani kinachungulia. Mwalimu anasema atautoa ule mlango na paa, akiache kiwe nje. Nimemwambia sasa ndiyo anaanza kusoma.

Mwanangu amekuwa mwingine kabisa. Anakuja kila mvua, anafundisha watoto ule mkono wa kushoto unaochechemea. Anapiga kichuguu picha. Anawaleta watu wa ofisini kwake kukiona, na anawaeleza habari za malkia kama vile yeye ndiye aliyemwoa. Ninajivunia mpaka nimenenepa.

Juzi alikuja na fundi tena. Nikaona tepu. Nikaweka chini ungo wangu.

"Mama, usiogope," alisema, macho yanang'aa. "Nimefikiria sana. Kichuguu hiki ni mali ya ukoo. Tutakijengea ukuta mzuri wa mawe kuzunguka, chini tunaweka simiti safi pande zote, nyuki tunawatengenezea sanduku. Na juu tunaezeka mabati, kisinyeshewe."

"Kisinyeshewe," nikasema.

"Kisinyeshewe, Mama. Kikae miaka mingi."

Nilimtazama mtoto wangu huyu, na kichwa chake kigumu kama changu, amesimama pale na mapenzi yake yote na mifuko ya simiti kwenye gari. Meno yamebaki matano. Nikajifuta mikono kwenye leso.

"Sitaki, na usiniulize tena. Kichuguu changu hakiguswi wakati mimi bado ninatafuna."